Linki ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Mimi ndiye niliyemfundisha mwenzangu kushika spana. Sote wawili tuliishi Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: mimi nimetoka Kivu Kusini, yeye Burundi. Nilipopata kazi kwenye gereji moja ya Ruti, Mbarara, nilimwombea nafasi kwa tajiri wetu. Miaka mitatu baadaye wateja walifika getini wakimuulizia yeye. Mimi walinisalimia tu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia baba mkwe.

Siku moja mfanyabiashara wa maziwa wa Bwizibwera alileta gari lake la mashindano, la bluu, limeshushwa hadi karibu lilambe lami. Alikuja na stabilaiza mpya mbili, ya mbele na ya nyuma. Stabilaiza ni mtaimbo uliopinda unaozuia gari lisilale upande likikata kona. Hizi zilikuwa nene kuliko za kiwandani, na linki zake, vile vijiti vifupi vinavyouunganisha mtaimbo na magurudumu, ziliweza kurefushwa au kufupishwa kwa kuzungusha nati. Kazi ya namna hiyo niliitamani tangu nikiwa kwetu.

Nilinyoosha mikono kuzipokea. Akanipita.

"Hapana, ssebo," aliniambia, yaani bwana. "Mimi nataka huyu Mrundi. Mkono yake iko sawa."

Nilirudi kwenye breki za pikapu niliyokuwa nikiitengeneza. Kila nilipoinua kichwa nilimwona mwenzangu akizipaka grisi taratibu bushi, zile raba za kushikia stabilaiza, tajiri mwenyewe anamshikia taa. Mimi sijawahi kushikiwa taa na tajiri.

Ndipo nikaona. Alikaza linki ya nyuma ya kushoto gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, wala hakulinganisha urefu wake na ile ya kulia. Linki hizo hupimwa gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Bila hivyo stabilaiza hukaa imejisokota, na gari hukata vizuri kona za upande mmoja tu. Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza. Na sitaki kudanganya: nilifurahi.

Kesho yake mteja akarudi amekunja uso. "Kona ya kulia iko muzuri. Ya kushoto inateleza. Nini hii?"

Mwenzangu alilala chini ya gari karibu saa nzima, akatoka jasho linamtiririka. Alinijia mbele ya watu wote.

"Mkubwa wangu, nimeshindwa. Njoo uangalie."

Sikuhitaji kuangalia. Nilishusha gari kutoka kwenye jeki, nikachomoa boliti ya linki ya nyuma ya kushoto, nikaizungusha linki mpaka boliti ikaingia kwa vidole bila kulazimishwa, nikakaza. Mteja alilijaribu kwenye barabara ya Kabale, akarudi anacheka. "Kumbe fundi mwenyewe ni huyu muzee!"

Utamu wa neno hilo ulidumu mpaka tuliponawa mikono.

"Jana uliona," mwenzangu alisema kwa sauti ya chini.

"Niliona."

"Na hukusema."

"Sikusema. Nilikuwa na wivu juu yako, mudogo wangu. Mingi sana."

Akajifuta kwenye ovaroli, kidole kimoja kimoja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwezi uliofuata alihama. Siku hizi ana gereji yake katikati ya mji. Nikienda kununua vipuri hupita mbele ya geti lake, nikapunguza mwendo, nikaangalia magari yaliyojaa uani. Akiniona hunipungia mkono, ananikaribisha chai. Namjibu nina haraka.