Vyuma vya Nkwabi na Kiuno cha Evod

Kiuno cha Evod kilimkatalia mara ya tatu Jumamosi asubuhi, jimu kwa Nkwabi, watu wakimwangalia. Aliinama, akanyanyua chuma mpaka magotini, akasikia kitu kimechomoka upande wa kushoto, na pale pale akabaki amepinda. Akarudishwa nyumbani kwa bajaji, kichwa chini, matako juu, huku akiwapungia mkono watu waliomsalimia njiani.

Shida ni kwamba mtaa mzima ulimwita Mia na Ishirini. Jina hilo alilipata kwa chuma kikubwa cha Nkwabi: ekseli ya pawatila, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, iliyovishwa ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, kila moja imeandikwa hamsini. Ekseli yenyewe, Nkwabi alisema, ni ishirini. Sasa mwanamume akishaitwa hivyo ataanzaje kuonekana na chuma chepesi? Kiuno kikiuma, Evod alilala wiki mbili, na maumivu yakiisha tu alirudi moja kwa moja kwenye ile ile mia na ishirini. Akili za wapi hizo, mimi sijui.

Aliyebeba mzigo ni mkewe, Levina. Mwaka jana mavuno yalimkuta Evod kitandani, na mpunga wote wa shamba lao la Mchombe, magunia kumi na mawili, Levina aliutoa shambani mpaka barabarani kichwani, ndoo kwa ndoo, siku tatu. Evod aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama usoni, na mwaka huu mavuno yalikuwa yamebaki miezi miwili.

Jioni ya Jumamosi ile Levina alipokuwa akimchua, mkono wake ulisimama.

"Mbona kila mara ni kushoto?"

Evod alijibu kwamba kiuno ni kiuno. Lakini Levina kazi yake ni kupima mpunga kwenye mashine ya kukoboa, na mtu wa mizani humdanganyi kirahisi. Akauliza huwa anasimama vipi. Evod akaeleza kwamba wote husimama wakitazama barabarani, ili wapita njia wawaone. Na zile ndoo, je, huwa zinabadilishwa upande? Hata siku moja, tangu zilipovishwa.

Wiki iliyofuata Levina akaazima mizani kazini, akaipeleka jimu kwa mkokoteni. Evod alimfuata akichechemea, akimsihi waahirishe, maana alishaanza kunusa yanayokuja. Wakagonga pini, wakavua ndoo. Ya kushoto, kilo arobaini na tatu. Ya kulia, thelathini na nne. Ekseli, kumi na mbili.

Nkwabi alikuna kichwa, kisha akakiri kwamba siku ile saruji ilimwishia, akamalizia ndoo ya pili kwa pumba za mpunga. Miaka minne wanaume wa mtaa ule walikuwa wakivutwa kushoto na pumba, na kila mmoja akidhani amelala vibaya. Levina alicheka mpaka akakaa chini.

Evod hakucheka. Alijumlisha kichwani, akajumlisha tena, na mara zote ilikuja themanini na tisa. Vyuma vyote vile, viuno vyote vile, na mia na ishirini hajawahi hata kuigusa. Alitamani ardhi impasukie.

Wiki tatu zilipopita akarudi jimu, na safari hii akaanza na ekseli tupu. Wenzake walimzomea, wakambatiza Kumi na Mbili, na aliposimama akitazama ukutani wakamuuliza amegombana na barabara. Akaongeza kilo mbili mbili kila wiki, pande zote sawa, Levina akimpimia mchanga kwenye vifuko.

Mavuno yalipofika Mchombe, majirani walisubiri kumwona mwenye nguvu zake akijitwika gunia zima. Evod akafungua gunia la kwanza, akaligawa mara mbili. Watu wakaguna, mmoja akauliza kama hiyo nusu ni ya kwake au ya mtoto. Evod akajitwika nusu yake, akaondoka. Magunia kumi na matatu, safari ishirini na sita, kiuno kimenyooka mpaka ya mwisho.

Levina alitembea nyuma yake njia yote, bila mzigo wowote, akila muwa.