Ijumaa ya Anti Nekesa

Hata leo nikipita karibu na duka la manukato nikanusa udi ukifuka, nabana pumzi kabla sijajua ninafanya nini. Kosa ni la katuni. Tulipokuwa tukiishi Riyadh, nikiwa na miaka minane, mama alirudi kutoka likizo Nairobi na flashi yenye mfululizo wa katuni kuhusu Wakristo wa kwanza kule Roma. Msichana mmoja aliamriwa atie uvumba mbele ya sanamu ya mfalme, akakataa, akapelekwa kwa simba. Basi katika maduka ya mtaa wa Olaya, muuzaji alipotupungia chetezo kwa ukarimu wake, mimi nilijibana pua na kukaza shingo, nikimngoja simba wangu. Mama alinivuta mkono. "Ni udi wa kunukia tu, Mwende. Pumua."

Baadaye mama, aliyekuwa nesi, alipata kazi Jeddah. Ijumaa alasiri Wakenya wachache walikuja kwetu kusali, madirisha yamefungwa, nyimbo zikiimbwa chinichini, kwa kuwa ibada ya Kikristo hadharani ilikatazwa kule. Sisi watoto tuliwekwa chumbani na katuni zetu. Niliyempenda kuliko wageni wote alikuwa Anti Nekesa, mfanyakazi wa ndani katika jumba moja la mtaa wa Al-Hamra. Kabla ya maombi kuanza alikuja kukaa nasi, miguu yake iliyovimba juu ya mto, akawatazama wale askari wa Roma kama watu anaowafahamu.

"Anti, wewe ukiulizwa, utakana?" nilimuuliza siku moja.

"Nikiulizwa nini?"

"Kama wewe ni Mkristo."

Kabla hajajibu, simu yake ililia. Alikuwa madam wake, akitaka kujua yuko wapi. Wenzake wakiulizwa hivyo walisema wako sokoni.

"Niko kusali, madam," alisema Anti. Sauti ya upande wa pili ilipanda mpaka sisi watoto tukaisikia. "Hapana, sirudi sasa. Tukimaliza nitakuja." Akakata simu, akaniomba nirudishe katuni nyuma kidogo kwa kuwa alikuwa amepitwa.

Nilivunjika moyo. Hakupaza sauti, wala uso wake haukung'aa kama wa yule msichana. Ulitoka jasho tu juu ya mdomo.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala zilizofuata. Mama alisema madam amemnyima siku yake ya mapumziko. Aliporudi hatimaye, nilimsikia jikoni akimsimulia mama alivyomwambia madam: "Nipe Ijumaa yangu au nipe tiketi. Nilikuja kufanya kazi. Imani yangu haimo kwenye mkataba." Madam akafoka siku nzima, akaapa kumrudisha Kenya. Lakini watoto mapacha wa madam, waliolelewa na Anti, wakakataa kulishwa na mtu mwingine yeyote, na halas, yakaisha, Ijumaa ikarudi.

Mama alicheka. Anti hakucheka. "Sanduku nilikuwa nimeshafunga," alisema.

Sasa nami nina ikama yangu, kibali cha kuishi huku, na kafili wangu, mwajiri anayenidhamini, ndipo ninapolielewa sanduku lile. Kule Bungoma kulikuwa na watoto wake waliokula kwa jasho lake. Yule msichana wa katuni hakuwa na mtu wa kumlisha, na aliyemchora alijua hadithi itakavyokwisha. Anti hakuujua mwisho wake. Alisema alilosema, akafunga sanduku, kisha akarudi kuosha vyombo akingoja kujibiwa.