Nilitafsiri Nusu ya Maneno ya Shangazi

Ndugu msomaji, sitaki unihurumie. Kosa ni langu, si la pasta, si la mafundi, wala si la shetani ambaye siku hizi tunamsingizia kila kitu. Mdomo ni wangu na niliutumia vibaya, basi!

Mimi ni mwanamke wa Kiturkana. Nasafisha vyumba katika hoteli moja hapa Al Barsha, Dubai. Katika kikundi chetu cha maombi cha Wakenya, Mturkana ni mimi peke yangu. Kwa hiyo kikundi kilipoamua kujenga kanisa la misheni huko kwetu, macho yote yalinigeukia. Ghafla nikawa mtu! Mimi niliyezoea kukaa nyuma na kuosha sufuria watu wakishakula, nikaanza kuitwa Mama Misheni. Nilivimba kichwa, nisidanganye.

Kwetu kuna mto wa msimu. Mvua ikinyesha unapitisha maji, kisha unabaki mchanga mtupu. Kando yake imesimama migunga mikubwa, na miti ile ina wenyewe. Huwezi kukata tawi la familia nyingine, wala kupeleka mbuzi wako wakale maganda ya mbegu zake bila ruhusa. Sehemu yenye kivuli kizuri kuliko zote ilikuwa ya shangazi yangu, mjane, ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Kiangazi kikikaza na nyasi zikaisha, mbuzi wake waliishi kwa maganda ya migunga ile.

Hayo nilijaribu kuyaeleza kwenye kikao cha kwanza. Wakacheka!

"Ati mti ya porini iko na mwenyewe?" dada mmoja wa Nairobi akauliza. "Kwani huko kwenu miti inakuwanga na title deed?"

Hakuwa na ubaya, alikuwa akitania tu. Lakini niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikacheka pamoja nao, na tangu siku hiyo sikuitaja tena miti.

Siku tuliyopiga simu ya video tulikuwa sebuleni kwa pasta, mtaa wa Rashidiya, baada ya ibada. Kule nyumbani binamu yangu alimpa shangazi simu, akaenda zake kunywesha mbuzi. Shangazi hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Pasta akaniambia, "Dada, muulize mama kama tunaweza kujenga hapo kwa kivuli. Asipokubali, hatujengi hapo."

Msikie! Mtu wa watu aliuliza vizuri kabisa.

Shangazi akajibu polepole, ndivyo alivyo. "Mwanangu, waambie karibu. Mungu wao hajanikosea. Lakini wajenge kule juu kwenye mawe. Hapa ndipo mbuzi wangu wanapoponea kiangazi. Miti isiguswe."

Nikafungua mdomo. Nikamwona yule dada wa Nairobi ananitazama, tabasamu liko tayari. Pilau ilinukia jikoni, watu wana njaa.

"Anasema karibuni," nikasema.

"Lakini ameongea mengi," pasta akasema, akicheka.

"Ni baraka tu, pasta. Si unajua wazee."

"Khalas!" akaitikia ndugu mmoja wa kazi za ghala. "Yalla, tukule, chakula inapoa."

Makofi, haleluya! Na shangazi kule kwenye simu akatabasamu, akidhani ameeleweka. Lile tabasamu, jamani!

Nilijiambia nitamwandikia pasta ujumbe nirekebishe. Sikuandika. Nikajiambia mafundi wakifika wataona wenyewe kwamba pale si mahali pa kujenga. Mafundi walifika na misumeno, maana msingi ulitaka nafasi yote ya miti. Shangazi akasimama mbele yao, nao wakamwambia kupitia binamu kwamba mtoto wake wa Dubai amethibitisha kuwa yeye mwenyewe alikubali. Binamu anasema shangazi aliketi chini, akawaacha wakate. Hakutaka kuniita mwongo mbele ya wageni.

Alinilindia heshima yangu kwa miti yake. Mungu wangu!

Binamu alinipigia siku hiyohiyo. Nilikuwa nikitandika kitanda cha mgeni, simu inatetemeka mfukoni. Nilijua ni nini. Nikaiacha itetemeke mpaka ikachoka, nikaenda kubadilisha taulo.

Kiangazi kilichofuata hakikuwa na huruma. Mbuzi wa majirani walikula maganda ya kwao wakakivuka. Wa shangazi walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likabaki wazi. Leo anakaa kwa binamu kule mjini na kula kwa mkono wa mtu, yeye aliyetulisha maziwa nyumba nzima!

Siku ya kufungua kanisa tulipiga tena simu ya video. Kanisa zuri, sikatai, mabati ya bluu, na jua linalipiga pande zote. Pasta akataka kumshukuru mama aliyetoa kiwanja. Simu ikapelekwa kwa shangazi. Hakumtazama pasta, alinitazama mimi.

"Waambie nilichosema siku ile," akasema kwa Kiturkana. "Chote."

Watu wakanisubiri.

"Anamshukuru Mungu," nikasema.

Mara ya pili! Ya kwanza naweza kusingizia aibu. Hii ya pili hata jina lake silijui.

Baada ya hapo kila nikianza kusali niliishia njiani. Mwishowe nilimfuata pasta mpaka kituo cha metro nikamweleza yote, watu wakitupita. Nilingoja anifokee.

"Kule kwa mawe?" akaniuliza. "Lakini dada, fundi mwenyewe alipenda kule. Alisema msingi ungeshika poa. Sisi tulichagua kivuli kwa sababu tulidhani watu wa kwenu ndio wanataka hivyo. Ungesema tu."

Ungesema tu! Afadhali angenifokea.

Kikundi sasa kinasema kitamnunulia mbuzi wengine. Wana moyo mzuri. Lakini hao mbuzi watakula nini?

Juzi nilimpigia shangazi nimwombe msamaha. Nilianza kwa Kiturkana, kwa lile jina ninalomwita tangu utotoni. Akanikatiza kwa Kiswahili. Nilidhani simu iko kwa mtu mwingine!

"Mimi nasoma Kiswahili kwa watu ya soko," akasema. "Kidogo kidogo. Pasta akikuja, mimi nasema mwenyewe. Wewe wacha."

Nikalia, nikamsihi kwa Kiturkana. Akajibu kwa Kiswahili. Nikamsihi tena, akajibu kwa Kiswahili, kwa adabu, namna anavyomjibu mgeni aliyepotea njia. Kisha akamrudishia binamu simu.

Basi wewe unayebeba maneno ya watu, unayemsemea mama yako kwa daktari au mwenzako mgeni kwa arbab, bosi wake, nakuomba uyafikishe yote. Fikisha hata lile litakalokufanya uchekwe. Usiseme utarekebisha baadaye, mimi nilisema hivyohivyo. Kuchekwa kungepita siku ileile. Hapa Dubai sina mtu wa lugha yangu; nilikuwa nikimpigia shangazi tuiongee, na sasa ananisemesha Kiswahili.