Mtungi wa Bibi Kalunde na Mkono Wangu wa Kulia

Nyie mnaonicheka pale Makanyagio kila nikipita kununua betri za redio, chekeni tu, maana hata mimi nimejicheka mpaka nimechoka, lakini leo nasimulia mwenyewe, kwa sababu kila anayesimulia anaongeza chumvi (juzi nimesikia eti nilivunja mitungi mitatu na chungu cha mboga, ni mmoja, jamani, mmoja tu). Aibu ni yangu na siikatai. Ila nawaambia mapema: kuhusu yule mjusi nilikuwa sahihi, na nitakuwa sahihi mpaka naingia kaburini.

Mnanijua. Nimesoma mpaka kidato cha nne, enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu, na somo nililolipenda kuliko yote ni biolojia. Kanisani kwetu tunasali Jumamosi na tunashika sheria za usafi kama zilivyo katika Torati, nguruwe hatuli, kambale hatuli, na tukiulizwa sababu wengi wetu husema Mungu amekataza, basi. Mimi jibu hilo halikuwahi kunitosha. Nilitaka watu waone kwamba Musa alikuwa mbele ya maabara. Nguruwe ana tegu, nani anabisha? Kambale anakula kila kilichooza kwenye tope, nani hajaona? Torati iliwaambia watu wachimbe shimo nje ya kambi wafukie kinyesi, na sisi huku bwana afya alilazimika kuja na faini ndipo tukachimba vyoo. Basi nilikuwa na daftari la mambo hayo, naenda nalo misibani, harusini, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na wakanibandika jina la Daktari wa Torati. Walinitania, lakini mimi nililipenda.

Sasa mwanangu Daudi, ambaye ni fundi wa pampu za maji na alikuwa amechelewa kuoa mpaka mama yake akawa anaamka na kulala na jambo hilo, akampata binti wa Kasekese anaitwa Neema. Familia ya watu wa heshima, wakulima wa tumbaku, ila Wakristo wa Jumapili na walaji wazuri wa kambale. Siku ya kwenda kuzungumza mahari Daudi alinishika mkono kabla hatujapanda gari akaniambia, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Leo usifundishe." Nikamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, nitakuwa kimya kama jiwe." Na daftari nikaliacha nyumbani kweli, Mungu shahidi (Biblia niliibeba, Biblia mtu haiachi).

Tulikuwa watatu: mimi, Daudi, na mshenga wetu Masanja, rafiki yangu tangu tukiwa tunachunga ng'ombe, mtu wa maneno mengi ambaye hana dini inayoeleweka na anakula chochote kisichomkimbia. Tulifika saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, tukapokelewa vizuri, tukakalishwa uani kwenye viti na baba yake Neema, mzee mpole asiyecheka ovyo. Shangazi yake Neema akaenda kutuchotea maji kwenye mtungi mkubwa wa udongo uliokuwa kibarazani, akauinamia na kata, mara akaruka nyuma, "Yesu wangu! Mjusi!"

Hapo ndipo penyewe. Ningebaki kitini. Mjusi akifia kwenye maji ya watu wengine, watu wenyewe wanajua la kufanya, wanamwaga, wanasugua, wanachota mengine, na shangazi tayari alikuwa ameinama auinamishe mtungi. Lakini nyie, ni mjusi! Mjusi ametajwa kwenye Torati! Miaka yote nimelifundisha jambo lile bila mfano, na sasa mfano unaelea mbele yangu. Nikamwona Daudi ananitazama. Nikasimama.

"Shangazi, usijisumbue kusugua," nikasema. "Chombo cha udongo kikiangukiwa na mzoga wa mjusi hakioshwi. Kinavunjwa."

"Kinavunjwa na nani?" akauliza.

Nikatia mkono wangu wa kulia mtungini nikamtoa mjusi, nikamshika mkia, nikamwinua juu watu wote wamwone, na nikaanza. Nikawaeleza kwamba mjusi ana vijidudu vya kuharisha. Nikawaambia waushike mtungi kwa nje waone ulivyo na unyevu: "Mnaona? Unatoka jasho! Ndiyo maana maji yake yana baridi. Udongo uliochomwa una matundu madogo ambayo jicho halioni. Kama maji yanapita kutoka ndani kuja nje, na uchafu nao umeingia humo humo, utasugua mpaka kesho. Sufuria unaosha, mtungi huwezi. Musa alilijua hilo bila darubini!"

Na niwaambie ukweli, walikuwa wananisikiliza. Baba Neema aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali. Sasa nilipoona hivyo nikamtikisa yule mjusi kwa msisitizo, na kwa kuwa alikuwa amelala majini, mkia ukakatika, mjusi akaniangukia kifuani na kutumbukia moja kwa moja kwenye mfuko wa koti langu la kijivu.

Walicheka. Walicheka mpaka shangazi akakaa chini. Mjomba wake Neema, kijana mmoja mwenye mdomo, akasema, "Mzee, huyo sasa ni wako, ameshachagua nyumba!" Masanja naye, badala ya kunitetea, anafuta machozi.

Nimewaambia wengi kwamba nilivunja mtungi kwa ajili ya sheria. Leo nasema kweli: nilivunja kwa sababu walicheka. Nilikuwa nimewashika, wakaniponyoka, nikataka kuwarudisha kwa nguvu, na mchi wa kutwangia ulikuwa umeegemea ukutani karibu yangu. Niliuchukua nikapiga mara moja tu. Maji yote yakamwagika uani yakaenda mpaka chini ya kiti cha baba Neema.

Kicheko kikaisha.

Mlango ukafunguliwa, akatoka bibi yake Neema, Bibi Kalunde, mama mzaa baba, ambaye kumbe alikuwa ananisikia yote kutoka ndani, mzee kunizidi mimi kwa mbali, anatembea na fimbo lakini macho yake makali. Aliinama akaokota kigae kimoja chenye michoro ya shingoni, akakifuta kwa kanga. Baba Neema akasema taratibu, kama anayejisemea, "Mtungi huu aliufinyanga marehemu bibi yangu. Mama aliubeba kichwani siku tulipohamishiwa kijijini, vitu vingine vyote vikaachwa." Kisha akanigeukia. "Mzee wangu, asante kwa kufika. Sidhani kama leo kuna mazungumzo."

Nikamtazama Daudi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anatazama chini kama mtu ambaye alijua tu.

"Ngoja kwanza," akasema Bibi Kalunde. "Baba Daudi, umenivunjia mtungi kwa hasira au kwa sheria?"

"Kwa sheria, mama," nikasema (uongo nusu).

"Haya. Tuisikie yote."

Nikanyoosha mkono kuchukua Biblia yangu kwenye kiti. Akanizuia kwa fimbo. "Mkono huo huo uliomshika mjusi? Acha. Mwenzako asome."

Basi Masanja, ambaye sijawahi kumwona na kitabu mkononi, akavaa miwani yangu, akatafutiwa ukurasa, na akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Akafika penye mtungi: ni kweli, unavunjwa. Wakatazamana. Nikajinyoosha kidogo. "Endelea," Bibi akasema. Masanja akaendelea, akarudi juu, akashuka tena, na uso wake ukaanza kung'aa kwa furaha ambayo mpaka leo sijamsamehe. Maana pale pale, mistari michache tu kabla ya mtungi, imeandikwa kwamba mtu akigusa mzoga wa viumbe hao atakuwa najisi mpaka jioni, na nguo iliyoangukiwa itiwe majini, nayo ni najisi mpaka jioni.

Nilikuwa naijua sehemu hiyo. Nimeisoma labda mara mia. Lakini mtu akiwa anafundisha, huwa anafundisha ile inayowahusu wengine.

Nikajitetea haraka. Nikasema kwa upande wa sayansi mkono si udongo, sabuni na maji ya kutiririka vinatosha kabisa, nikinawa nitakuwa salama.

Bibi Kalunde akanisogelea, akanitazama usoni, kwenye paji la uso. "Mtungi wangu ulikuwa unatoka jasho ukasema una matundu, hauoshwi. Wewe mbona unatoka jasho?"

Nyie! Nilikuwa nimelowa. Nilifungua mdomo, nikatafuta biolojia yote ya kidato cha nne, na kitu pekee nilichokumbuka ni kwamba ngozi ina vitundu vya jasho, tena nilichora mchoro wake nikapata alama zote.

"Au na yeye tumvunje?" akauliza mjomba.

"Hatuvunji mtu," akasema Bibi. "Atakaa kule mpaka jua lizame. Mazungumzo yaendelee, mshenga yupo. Lakini akiondoka kabla ya jua kuzama, basi sheria yake ilikuwa ya mitungi ya wenzake, na mjukuu wangu haendi nyumba hiyo."

Baba Neema akakubali. Mimi nikavua koti, shangazi akalizamisha kwenye ndoo kwa kutumia kijiti (mjusi kwanza akamtoa kwa kijiti hicho hicho, alijua kuliko mimi), nikanawa kwa sabuni, nikaenda kukaa kando ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, nimevaa shati lililopasuka mgongoni ambalo nilitegemea koti lingelificha.

Saa tano hiyo. Kivuli cha bani kilikuwa kinanifunika mpaka kwapani, saa saba kikawa kimeisha, nikazunguka upande wa pili, na watoto wa jirani wakaja kunitazama kama gari lililoharibika. Chakula cha mchana kilipita mbele yangu. Kambale wa nazi, harufu yake ilivuka ua mzima, na mimi nililetewa maharage kwenye sahani ya bati, ikawekwa mbali nami kidogo kwa heshima zote. "Sahani ya bati, mzee," mjomba akanipigia kelele, "hii haina matundu!"

Nilisikia mazungumzo yote kupitia dirishani na sikuweza kusema neno. Yalikwenda vizuri, na hilo niliseme pia: yalikwenda vizuri kuliko kama ningekuwemo. Ila wakati wa kuzungumzia fidia ya mtungi nikamsikia Masanja anasema, "Kwa heshima ya bibi, mzee mwenzangu anatoa ng'ombe wake mwenye baka jeupe usoni." Yule! Ng'ombe ninayemkamua mwenyewe kila asubuhi! Nikasimama nikaita, "Masanja! Huyo hapana!"

Sauti ya Bibi Kalunde ikajibu kutoka ndani, "Aliye najisi haongei na kikao."

Nikakaa. Ningeweza kuondoka, barabara ilikuwa pale, na bodaboda mbili zilipita. Lakini ningeondoka, mwanangu angemkosa Neema, na watu wangesema sheria ni kitu cha kuchezea. Hapana. Sikukaa pale kwa sababu ya fimbo ya bibi. Nilikaa kwa sababu ni kweli. Kama mtungi ulistahili, na mkono ulistahili.

Jua lilipozama Bibi Kalunde alikuja mwenyewe, pole pole na fimbo yake, akiwa na koti langu limekamuliwa. Akalitundika kwenye bega langu, likiwa bado bichi.

"Nilidhani utakimbia saa nane," akasema.

"Saa nane nilifikiria, mama."

"Mtungi wa mama yangu naulilia bado. Usidhani nimesahau."

"Nisamehe, mama. Nilivunja kwa sababu mlicheka."

"Hilo ndilo neno lako la kwanza la maana leo," akasema. "Ingia ule."

Daudi na Neema wameshaoana. Ng'ombe alikwenda. Na mimi nilimtafuta mama mmoja mfinyanzi, nikapeleka Kasekese mtungi mpya, wenye kifuniko chake cha mti kilichokaa barabara, kwa sababu Torati hiyo hiyo inasema chombo kisichofunikwa kiko hatarini, na hata bwana afya anasema hivyo hivyo, kwa hiyo msinichoshe. Bibi aliupokea, akaugonga kwa kucha asikie sauti, akasema si kama ule. Kweli, si kama ule.

Mjusi ni najisi, udongo una matundu, na anayebisha aje kwangu Ilembo tubishane mpaka achoke. Ila siku hizi nikiona kitu kimeanguka kwenye mtungi wa mtu, kwanza natia mikono yangu yote miwili mfukoni, halafu ndipo nafungua mdomo.