Ndoo Nane za Mwalimu Nadira

Nadira Yahya alikuwa na mume waliyeoana miezi saba iliyopita na wanafunzi arobaini na wanne wa kidato cha tatu, na siku nyingi hakujua ni nani kati yao anayemchekesha zaidi. Alifundisha baiolojia katika shule ya kutwa pale Kiuu, Ruiru. Mumewe, Junaid, alikuwa na duka Thika, karibu na eneo la viwanda, akiuza sabuni, fagio na ndoo. Mwaka huo alikuwa ameongeza bidhaa moja aliyoipenda kuliko zote: unga wa bakteria wa kutia kwenye choo cha shimo. Pakiti ilisema bakteria hao hula uchafu mpaka ukapungua shimoni, na lori la kunyonya choo halihitajiki tena.

Junaid hakuuza unga huo tu. Aliuhubiri.

"Bakteria bilioni tano kwa kijiko kimoja," alimwambia Nadira wakila. "Bilioni! Na hawaombi mshahara."

"Nani aliwahesabu?"

"Si imeandikwa!"

Nadira alicheka mpaka akapaliwa na wali.

Mambo yalianza Jumanne moja, walipofika somo la bioteknolojia. Nadira hakutaka kuwasomea orodha ya kitabuni. Aliwagawa kwa makundi, akawaambia kila kundi lichague kitu kimoja ambacho watu wanatumia viumbe hai kukitengeneza au kukifanya, litafute kinachosemwa juu yake, kisha lichunguze kama aliyesema ana ushahidi. Wengine walichagua migomba inayooteshwa maabara, wengine insulini, wengine maziwa mala ya kuganda. Awiti, msichana mrefu wa dawati la nyuma, akainua mkono.

"Madam, sisi tunataka ule unga wa choo. Landlord wetu anauweka kila mwezi na bado choo inajaa. Anaununua Thika, kwa jamaa anaitwa Junaid."

Barasa, aliyekuwa kundi moja naye, akageuka polepole. "Awiti. Huyo si ni mzee wa Madam?"

Darasa lililipuka. Kuna aliyepiga meza, kuna aliyeanguka kutoka kitini. Nadira alihisi masikio yakimchoma. Angeweza kusema wachague kitu kingine, na kwa sekunde mbili tatu alitaka kusema hivyo. Badala yake alichukua chaki.

"Andikeni hili kwanza," akasema. "Mwalimu ana maslahi katika swali hili. Kwa hivyo mwalimu hatagusa vipimo."

Kundi la Awiti lilikaa siku tatu kwenye kompyuta za shule. Walipata kurasa kumi na moja zilizozungumzia unga wa aina hiyo. Awiti akagundua kwamba kurasa tisa ziliandikwa na wauzaji. Mbili zilizobaki ziliandikwa na watu waliopima mashimo wenyewe, na hao hawakuona tofauti kubwa kati ya mashimo yaliyotiwa unga na yaliyotiwa maji matupu.

"Basi ni uongo," akasema Barasa.

"Walipima unga mwingine, si huu," akajibu Awiti. "Lazima tuupime wenyewe."

Nadira alitoka nje kidogo, akaruka ruka kwa furaha nyuma ya maabara ambako hakuna aliyemwona, kisha akarudi ndani na uso wa ualimu.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kyengo, mtu mnyamavu aliyependa kila kitu kiwe safi.

"Mwalimu, unataka kuleta mavi shuleni?"

"Ya ng'ombe, sir."

"Aiya! Si ulete ya watu tumalize?"

"Hayo ni hatari kwa afya, sir."

Kyengo alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Akaweka sahihi.

Walipanga ndoo nane nyuma ya maabara, zote zikiwa na kinyesi cha kipimo kimoja. Nne zilitiwa unga ulionunuliwa dukani kwa Junaid, uliokorogwa na maji kama pakiti ilivyoagiza, nne zikatiwa maji matupu. Becky, msichana asiyeongea sana, ndiye aliyetia unga na maji peke yake, akaandika kila ndoo herufi na kuficha karatasi ya majibu. Wengine wangepima bila kujua ndoo ipi ni ipi. Barasa alimnunulia soseji ya smoki na kachumbari ili amtobolee siri. Becky alikula smoki yote, akajipangusa mdomo, akaenda zake.

Nyumbani, Nadira alimweleza Junaid kila kitu siku ile ile ndoo zilipopangwa.

"Unanishtaki kwa ndoo?" Junaid aliuliza, kisha akacheka. "Poa. Siku ya matokeo nitakuja, na nitavaa tai."

"Na ukishindwa?"

"Nishindwe na nani, nikiwa na bilioni tano?" Lakini kikombe cha chai alikirudisha mezani bila kunywa, na Nadira aliona.

Wiki sita zilipita. Ijumaa ya matokeo Junaid alifika na tai nyekundu. Darasa zima lilizunguka ndoo, hata Kyengo akaja, leso puani. Awiti akamwomba mgeni achague ndoo anayoamini ina bakteria wake.

Junaid alizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Aliinama, akanusa, akasimama mbele ya ndoo F.

"Hii hapa. Imeshuka vizuri, haina harufu kali. Hawa ni vijana wangu kabisa!"

Becky akafungua karatasi. "F ni maji."

Ikatoka "Haiya!" ya mtu mmoja, na kicheko.

"Ngoja, ngoja! Basi ni C."

"Maji."

"H!"

"Maji pia."

Kyengo ndiye aliyezidiwa kwanza. Alishika ukuta, leso ikaanguka, machozi yakamtoka. Wanafunzi walishikana mabega wasianguke. Nadira alimtazama mumewe kwa hofu. Junaid alikuwa ameketi kwenye benchi, amefunika uso, mabega yanatikisika. Alipoondoa mikono, alikuwa anacheka kuliko wote.

Vipimo vilionyesha ndoo za maji zimeshuka sentimita sita kwa wastani, za unga tano na nusu. Barasa alitaka kuandika kwamba unga ni utapeli. Awiti alimnyang'anya kalamu.

"Tunajua tu kwamba kwa ndoo hizi, wiki hizi sita, haukushinda maji. Labda bakteria walikuwa wamekufa." Akamgeukia Junaid. "Bosi, huwa unauweka wapi?"

"Kwa kontena, nje ya duka."

"Ya chuma? Kwa jua?"

Junaid alilegeza tai. "Wallahi," akasema taratibu, "pengine nimekuwa nikiuzia watu maiti bilioni tano."

Kwa jinsi walivyocheka, kipindi kilichofuata hakikufundishwa.

Jumamosi Junaid aliutoa unga dukani. Alimpigia mtengenezaji simu akiomba kuonyeshwa vipimo vyao, akaambiwa asome pakiti. Hakuuagiza tena, na wateja waliouulizia aliwaeleza sababu, hata landlord wa akina Awiti, ambaye alinuna wiki nzima.

Muhula uliofuata kundi lilipeleka kazi yao kwenye maonyesho ya sayansi Thika. Jaji mmoja alimuuliza Awiti angebadilisha nini.

"Ningeongeza ndoo zenye unga mpya uliohifadhiwa mahali penye baridi," akasema. "Na harufu ningeiandika kila wiki. Hiyo tulisahau."

Walitangazwa wa pili. Nadira alipiga kelele ambayo hakujua anayo, Becky akaongea bila kukoma kwa mara ya kwanza, na pale kwenye maegesho, mbele ya walimu wa shule zingine, Bwana Kyengo alivua koti, akampa Barasa amshikie, akacheza densi ya Kikamba ya mabega mpaka dereva wa basi la shule akazima injini ili amtazame vizuri.