Kidevu cha Kinyozi

Kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa mtetezi wa kinyoleo cha chuma alichorithi kwa babake, kile cha kufungua na kuweka wembe mmoja. Vya plastiki vyenye nyembe tano aliviita vya wavivu, ingawa kidevu chake mwenyewe hakikukosa vipande vya karatasi vya kuzuia damu.

Asubuhi moja alifika kazini kidevu laini kama cha mtoto.

"Mnaona kazi ya chuma?" aliwatambia wateja.

Mara mkewe akachungulia mlangoni. "Baba watoto, kinyoleo changu cha miguu umekiweka wapi? Kile cha plastiki."

Watu wakavunjika mbavu. Kinyozi akakifunika kidevu kwa kiganja. "Nilikuwa nakichunguza tu."

Tangu hapo anahubiri nyembe tano kwa ukali uleule, na ukitaja chuma anakuuliza kama umeuchoka uso wako.