Malachie, Mchoraji wa Mahali pa Kufinya

Kazi ya Malachie ilikuwa kuchora mahali pa kufinya. Simtukani. Ndivyo alivyosema mwenyewe siku alipokuja kuomba chumba kwetu, hapa Butembo. Mke wangu Berthe alimwuliza, "Unafanyaka kazi gani, mwanangu?"

Akajibu, "Mama, ukishika telefone, kuko mahali unafinya ili ifanye kitu. Mimi njo nachoraka pale."

Berthe alicheka, akampa chumba cha nyuma. Mimi sikucheka. Mwanaume mzima, ana ndevu.

Kwao ni Masereka, kule juu kwenye baridi na viazi. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Waprotestanti, mtu wa jembe na Biblia. Mtoto hakupenda jembe, na Biblia alipenda picha zake tu. Alishuka mjini wakati wa waasi, tulipokuwa tunatawaliwa na kila mtu mwenye bunduki. Vijana wengine walichukua bunduki, wengine walikwenda kuchimba dhahabu. Yeye alichukua burashi. Alichora vichwa vya wanaume kwenye mbao za vinyozi. Nilinyolewa zamani chini ya kichwa kimoja alichochora. Kilikuwa na sikio moja, na hilo lilikaa karibu na shingo.

Baadaye alitengeneza mialiko ya ndoa kwa ordinateur, yaani kompyuta, ya mtu mwingine. Maua kila pembe, majina ya bwana na bibi huyaoni kwa sababu ya maua. Kisha akaenda Kampala kujifunza. Alirudi na ordinateur yake, mfuko wa mgongoni, na miwani ambayo sijawahi kuona anaihitaji. Akaanza kuchorea watu wa kutuma pesa kwa simu. Mwishowe shirika moja la kule Beni likamchukua.

Nieleze alivyofanya kazi, maana nilimwona kwa macho yangu. Alikata vikaratasi vigumu vya kasha la sabuni, ukubwa wa telefone. Juu yake alichora viboksi kwa penseli. Kisha alimkalisha mtu, akamwekea kile kikaratasi mbele kama mtu anayemwekea mtoto chakula.

"Mama, unataka kutuma neno kwa dada yako. Utafinya wapi?"

Baada ya hapo hasemi kitu. Anaangalia kidole. Kidole kikisita, anaandika. Kikienda mahali pabaya, anaandika na anafurahi, kama mwindaji aliyeona kwato. Ukitaka kumsaidia yule mama, anakuinulia mkono: nyamaza. Ndiyo kazi aliyosomea Kampala, kuangalia kidole cha mke wa mtu.

Alimtumia Berthe kuliko wote. Alimwambia apake mawese mikononi kisha afinye. Alimtoa nje kwenye jua la mchana aone kama bado anasoma rangi. Berthe hakujua kusoma herufi, na Malachie alisema ndiyo sababu alimpenda. Akikosea, Malachie alitupa kikaratasi, akachora kingine.

Nilimwambia siku moja, "Mutu akishindwa kufungua mulango, tunamufundisha. Wewe unavunja mulango?"

"Papa, kama bote banashindwa, mulango njo mubaya."

"Na wewe njo fundi."

"Niko najaribu, Papa."

"Berthe," nikasema, "muongezee maharagi. Amechoka na kuangalia."

"Muache mutoto wa watu," Berthe akasema, na kweli akamwongezea.

Lile shirika la Beni lilitaka kitu cha kuonya watu wa mashamba. Wakati huo wale wa porini walikuwa wanaua watu kwa panga kwenye mashamba ya kakao, upande wa Mangina na Mabalako na kwingine. Mtu anatoka na kikapu, harudi. Basi kila kijiji kilichagua mtu mmoja, wakamwita relais, wakampa telefone. Kila asubuhi ile telefone inamwuliza jambo. Majibu yanakwenda Beni, yanajumlishwa na mashini, kisha telefone za wenye mashamba zinaonyesha rangi. Ya majani, njia nzuri. Nyekundu, usiende.

Malachie ndiye aliyechora yote. Alipomaliza alikuja kutuonyesha, anatembea kama aliyeoa.

"Nimepunguza mpaka ulizo moja, Mama. Moja tu. Hata asiyesoma ataweza, sababu inasema kwa sauti."

Alifinya, telefone ikasema kwa sauti ya mwanamke: Umewaona watu wa porini? Chini yake viboksi viwili, ndiyo na hapana.

Berthe akasema, "Iko muzuri. Iko rahisi."

Berthe alikuwa na shamba la kakao Mabalako. Kaka yake alimwachia. Binti yetu Joyeuse ameolewa kulekule, na wakati wa mavuno mama yake alikwenda kumsaidia. Mguu wangu ni mbovu, mimi nilibaki. Nilimwambia asiende mwaka ule. Akatoa telefone yake. "Haiko ya mutu mwingine. Ni ya Malachie."

Asubuhi ile rangi ilikuwa ya majani. Mtoto wa Joyeuse alikuwa na homa, Joyeuse akabaki naye. Berthe alikwenda na wanawake wawili waliotoka Butembo kama yeye.

Walimrudisha amefungwa ndani ya bâche, turubai la plastiki. Sitaandika zaidi hapo.

Kwenye kilio Malachie alikuja kukaa na wanaume. Mimi ndiye niliyemsemesha kwanza.

"Ile vert yako, ile rangi ya majani."

"Papa, ba-relais bote balifinya hapana."

"Donc balidanganya."

"Sijuwe. Nitaenda kuona."

"Kuona nini? Amekufa."

"Kuona namna banafinya."

Watu waliokaa karibu walimtazama. Shemeji yangu Phinées akauliza kwa sauti ya chini kama kijana ana akili timamu. Nikamwambia anazo, amezipata Kampala.

Baada ya maziko Joyeuse alitaka kurudi kwake. Nilimkataza. Akasema, "Papa, cacao haingojake kilio. Batoto banakula nini?"

"Tupa ile telefone, basi."

"Nikitupa, nitaenda shamba na nini? Na macho? Mama alikuwa na macho."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mke wangu alikuwa amekwenda, na binti yangu alikuwa anarudi kuamka kila asubuhi na kuuliza rangi ileile kama aende au abaki. Akarudi. Haikupita muda nikaenda kumchukua kwa nguvu, na pikipiki iliyopatikana ilikuwa imembeba Malachie. Tukabanana juu yake mpaka Mabalako. Sikumsemesha njia nzima.

Joyeuse alikataa kuondoka, kama nilivyojua. Akatupeleka kwa relais wao. Ni mama mmoja jina lake Tamar, mjane, anauza chumvi na samaki mkavu mbele ya nyumba yake. Alimpa Malachie kiti, akanipa mimi kingine.

Malachie akasema, "Mama, fanya kama unafanyaka asubuhi. Mimi hapana kusema."

Akaanza mchezo wake. Tamar alishika telefone. Kwanza aliangalia mlangoni. Ile sauti ilikuwa bado inasema umewaona wa-, kidole kikawa kimeshafinya hapana.

"Mama, haikumaliza kuuliza."

"Najua inauliza nini."

"Siku zote unafinyaka hapana?"

"Siku zote."

"Hata ile asubuhi ya Mama Berthe?"

Tamar akapanga samaki wake upya. Joyeuse akamwambia, "Dada, hakuna mutu wa bureau hapa. Huyu ni mupangaji wa Papa tu. Sema."

Tamar akasema, "Mimi nione? Hapa nani anaonaka? Eliezer aliona. Alikuwa relais kabla yangu. Alifinya ndiyo, kweli alikuwa amewaona ng'ambo ya muto. Ba-askari bakakuja kabla ya mchana, bakamuuliza. Uliwaona wapi? Ulijua namna gani kama ni wao? Uliwapa chumvi? Walisema na wewe? Bakamupeleka. Alirudi bila meno. Sasa mutu mwenye kuona, banasema ni mutu wa porini. Njo maana hapa hakuna mwenye kuona. Tunasikiaka tu."

"Na ile asubuhi, ulisikia?"

"Nilisikia. Sikuenda shamba. Hapa kwetu hakuna aliyeenda. Tulibaki tunafua nguo. Mama yako, Joyeuse, alipitia njia ya juu na wale wa Butembo. Ningemuona ningemushika na nguo yake."

Nilimtazama Malachie. Mtoto wa hapahapa, alikua katikati ya bunduki kama sisi sote, anajua namna ya kumwita mwanajeshi kwenye barrière, kizuizi cha njiani: baba mkubwa, afande, chef. Alijua kidole cha mke wangu kikiwa na mawese kinateleza upande gani. Na hakujua kwamba huku mtu haulizwi ameona nini. Hata mbuzi wa Mabalako anajua. Aliuliza kama wanavyouliza askari, kisha akalipamba lile swali kwa viboksi viwili vizuri na sauti ya mwanamke.

Alikaa na mikono juu ya magoti. Nilifikiri atalia, nikajitayarisha kumcheka. Akatoa penseli.

"Mama Tamar, kama ikikuuliza hivi: leo wewe mwenyewe unaenda shamba?"

"Tu?"

"Tu."

Tamar alifikiri. "Hiyo naweza. Nani atanifunga sababu nilibaki kufua?"

Malachie akachora jembe upande mmoja, na upande mwingine nyumba yenye moshi. Jembe lilikuwa baya, lakini lilijulikana. Siku ile nzima alizunguka na vikaratasi vyake kijiji hadi kijiji, akawakalisha ma-relais, akaangalia vidole. Alirudi akasema hakuna kilichosita. Nilikaa kwa Joyeuse kwa hasira. Swali lenyewe ni la jirani kwa jirani. Mtu anaamka, anauliza juu ya ua: leo unaenda? Ilimbidi afike Kampala na arudi, na mke wangu azikwe, ndipo alijue.

Tukapitia Beni, kwenye bureau ya shirika. Mkubwa wake aliitwa Timothée, kijana mwenye tumbo na kalamu tatu mfukoni. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, mlango ukabaki wazi.

"Malachie, hii ni nini? Jembe na nyumba? Ni tangazo ya quincaillerie, ya duka la misumari?"

"Chef, hawawezi kusema wameona. Wanaogopa. Lakini wote wakibaki nyumbani, tunajua."

"Tunajua nini? Kwamba wamebaki. Kama ni mvua? Kama kuna ndoa? Hiyo haiko information. Bailleurs, wenye kutoa pesa, banataka observations. Nani aliona, wapi, saa ngapi."

"Hakuna atakayesema, chef."

"Donc tutafanya formation, tuwafundishe umuhimu wa kusema. Andika rapport. Tutaangalia trimestre prochain, miezi tatu ya mbele."

Malachie akasema ndiyo chef. Akatoka.

Njiani nilimwambia, "Joyeuse atangojea trimestre prochain ili avune?"

Akaendelea kutazama njia.

"Kondoo akivutwa kwenda kuchinjwa analia. Wewe hata kulia hujui."

Akasema, "Papa, ile mashini mimi njo niko na ufunguo yake."

Sikuelewa. Nilielewa baadaye, alipobadilisha telefone za upande wa Mabalako bila ruhusa ya mtu: ma-relais waulizwe kama wanaenda shamba, na wenye mashamba waone jembe au nyumba badala ya rangi. Ng'ambo ya mto hakugusa. Alisema angegusa kote, bureau ingeona mara moja na kufunga. Hata wizi aliufanya nusu.

Asubuhi moja Joyeuse akapiga simu.

"Papa, inaonyesha nyumba."

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu. Jua iko muzuri. Tamar amebaki. Hata wale wa barabarani bamebaki. Bwana yangu amekasirika, anasema cacao itaoza sababu ya kapicha ka nyumba."

"Baki."

"Na kama ni bure?"

"Itakuwa bure. Baki."

Akabaki. Siku ile haikutokea kitu, na waume wakawacheka wake zao. Kesho yake ikaonyesha nyumba tena. Mchana wakasikia risasi, mbali, na moshi ukapanda upande wa mashamba. Vibanda vyao vyote vya kukaushia kakao viliungua. Nyayo zilikuwa mpaka chini ya miti ya Berthe. Hakukuwa na mtu wa kumkuta.

Ng'ambo ya mto rangi ilikuwa bado ya majani. Kule walizika.

Timothée alikwenda na gari kuangalia. Alirudi akasema jembe na nyumba ni mawazo yaliyokuwa bureau siku nyingi, sasa yaenee kote. Malachie wakamfukuza kwa kugusa mashini bila ruhusa. Mambo mawili hayo aliyasema katika mkutano mmoja, na inasemekana watu walipiga makofi kwa lile la kwanza.

Malachie akarudi Butembo. Alikuja kusimama mbele yangu uani, mfuko mgongoni. Aliona ninajua yote, Joyeuse alikuwa amenieleza. Alingoja. Watu waliosoma wakifanya jambo wanangoja neno.

Nikamwambia, "Ulimuuliza Berthe afinye wapi. Kila siku, kwa meza yangu. Hukumuuliza hata mara moja kama anaenda."

"Ndiyo, Papa."

"Angekuambia. Alikuwa anapenda kuulizwa."

"Ndiyo, Papa."

Hakujitetea. Nilitaka ajitetee.

Yuko bado chumba cha nyuma. Sasa anachorea duka la dawa, boksi la vidonge, ili asiyesoma ajue vya asubuhi na vya jioni. Anawakalisha mama wa jirani kwenye benchi yangu, na mimi nikipita sisalimii. Joyeuse ananipigia kila asubuhi kabla ya kufunga mtoto mgongoni. Siku ya jembe ananiambia anakwenda, nami sili mpaka jioni apige tena. Jana ilikuwa nyumba. Nilikula.